Daftari la Wiki: Herufi Nazo Huhama

Jumatatu. Mjukuu wangu wa gredi ya 7 aliingia kwangu na daftari la Kiingereza mkononi, uso umemshuka. Alikuwa ameandika “organize”, mwalimu akaizungushia z duara jekundu na kuandika s juu yake. Nikateremsha kamusi ya Oxford, tukatafuta pamoja: z ndiyo iliyotangulizwa, s ikafuata. “Sasa Guka, nishike ipi?” Nikamwambia kwenye mtihani amfuate mwalimu, lakini asiamini kwamba alikosea. Tahajia hubadilika: kamusi ya Kiingereza ya Samuel Johnson ya 1755 iliandika “musick” na “publick”, kwa k mwishoni. Hakuna serikali iliyoipiga marufuku k hiyo. Waandishi waliiacha mmoja baada ya mwingine, mpaka ikatoka.

Jumatano. Steji ya bodaboda, mjini Nakuru. Reflekta ya kijana mmoja imeandikwa “Boda Boda”, ya mwenzake “Bodaboda”, na kibao cha kivuli chao kina kistari katikati. Neno hili lilizaliwa mpakani Busia, waendesha baiskeli walipokuwa wakivusha abiria kati ya Kenya na Uganda, wakiita wateja kwa “border” ya Kiingereza. R zilianguka njiani, na kila silabi ikaishia kwa irabu, kama ulimi wa Kiswahili upendavyo. Midomoni neno limeshatulia, ila kwenye maandishi bado linatafuta kiti.

Ijumaa. Matatu ya kwenda Gilgil. Ziwa likatokea upande wa kulia, jeupe kwa magadi. Njiani nimesoma jina lake “Elmenteita” kwenye kibao kimoja na “Elementaita” kwenye kingine. UNESCO ilipoliingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2011, pamoja na Nakuru na Bogoria, ilishika “Elementaita”. Jina lenyewe husemwa limetokana na neno la Kimaasai, muteita, lenye maana ya mahali penye vumbi. Mbele kidogo kuna Naivasha, ambayo kwa Wamaasai ni Enaiposha, maji yanayopanda na kushuka kwa mawimbi. Sikio la mgeni lilisikia v, ramani ikachapwa, nasi tukarithi. Hata Wamaasai wenyewe waliandikwa “Masai” kwa miaka mingi, kabla ya a ya pili kurudishwa, kwa sababu wao huivuta.

Hapo ndipo ninapotofautisha. S na z za mjukuu wangu zinaweza kupishana bila kumuumiza mtu, na bodaboda itapata tahajia yake mikononi mwa wanaoiandika kila siku. Jina la ziwa lina wenyewe. Naiomba kaunti yetu, kabla ya kupaka rangi kibao kingine, iketi na wazee wa Kimaasai, iwasikilize wakilitamka, kisha iandike tahajia moja kando ya barabara yote.