Gia ya Kupandia Ndiyo ya Kuteremkia

Ndugu msomaji, siku hizi pikipiki imefika karibu kila kijiji. Inapeleka wagonjwa zahanati. Inapeleka mazao gulioni. Huenda unaendesha wewe mwenyewe, au mwanao ndiye dereva wa bodaboda, au unapanda nyuma ukiwa na safari. Kwa hiyo jambo hili linakuhusu.

Jambo lenyewe ni gia. Madereva wengi hubadili gia vizuri wakipanda mlima, kwa sababu wakikosea pikipiki inazimika palepale. Lakini wakianza kuteremka, baadhi yao huweka gia huru, yaani frii. Wengine huzima injini kabisa. Wanasema wanaokoa mafuta. Mimi nasema desturi hii ni mbaya, na inafaa iachwe.

Tuanze na kazi ya gia. Pikipiki nyingi za kubeba abiria zina gia 4 au 5. Gia ya 1 ina nguvu nyingi na mwendo mdogo. Gia ya mwisho ina mwendo mkubwa na nguvu kidogo. Wewe mwenyewe ukipanda mlima na mzigo kichwani hupiga hatua fupi. Ukifika tambarare unarefusha hatua. Pikipiki nayo ni hivyo hivyo.

Utajuaje wakati wa kubadili? Sikiliza injini. Ikilia kwa sauti kali na mwendo hauongezeki, ongeza gia moja. Ikinguruma kwa uzito na kutetemeka, imelemewa. Punguza gia moja. Ukitaka kubadili, achia mafuta, shika klachi, badili gia, kisha achia klachi polepole.

Tena badili mapema. Ukikaribia kona, tuta au mahali watoto wa shule wanapovuka, punguza mwendo na gia kabla ya kufika. Ukiwa ndani ya kona, macho na mikono yako viwe na kazi moja tu, yaani kuipita kona hiyo salama. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.

Sasa turudi kwenye mteremko. Pikipiki ikiwa kwenye gia na umeachia mafuta, gurudumu la nyuma linaizungusha injini kwa mnyororo. Injini inakuwa nzito kuzungushwa, kwa hiyo inalizuia gurudumu lisikimbie. Hiyo ni kama breki ya tatu. Ukiweka frii, injini na gurudumu havishikani tena. Unabaki na breki ya mkono na ya mguu tu. Kwenye mteremko mrefu, breki zikishikwa muda wote hupata moto. Breki ikipata moto sana hupungua nguvu. Utaishika, lakini pikipiki haitatii.

Chukua mfano wa barabara ya Lushoto hadi Mombo, katika Mkoa wa Tanga. Urefu wake ni karibu kilomita 33. Inateremka Milima ya Usambara kwa kona nyingi. Upande mmoja ni mlima, upande wa pili ni bonde. Dereva amepakia abiria, au magunia ya kabichi. Akiweka frii, uzito wote huo unamsukuma. Kila kona inamtaka ashike breki, na kabla breki hazijapoa kona nyingine imefika. Je, akikutana na lori katikati ya barabara, atasimama kwa nini?

Najua wako watakaonijibu hivi: mafuta ni ghali, na mwenye pikipiki anataka hesabu yake kila jioni. Ni kweli. Lakini ukiachia mafuta ukiwa kwenye gia, injini inapata mafuta machache tu. Kwa hiyo anayeweka frii anaokoa kitu kidogo sana. Kipime na hasara ya kuvunjika mguu. Shamba litakaa msimu mzima bila kulimwa. Watoto watakosa sare na madaftari. Na kama aliyeumia ni abiria, familia mbili zitalia kwa sababu ya kikombe cha mafuta.

Basi shika kanuni hii: gia ya kupandia mlima ndiyo gia ya kuteremkia. Kama mlima ule unaupanda kwa gia ya 2, teremka kwa gia ya 2. Iingize ukiwa bado juu, kabla mteremko haujaanza. Ukiona pikipiki bado inakimbia, shika breki zote mbili kwanza, mwendo upungue, ndipo upunguze gia moja. Usipunguze gia mbili kwa mara moja, hasa penye mchanga au tope. Gurudumu la nyuma linaweza kuteleza na kukuangusha.

Nawe unayepanda nyuma, usinyamaze. Ukisikia injini imezimwa mteremkoni, mwambie dereva kwa upole, "Mwanangu, weka gia." Huko si kumdharau. Umelipa nauli ili ufike salama.

Nawe mwenye pikipiki, usimsifu kijana kwa sababu amebakiza mafuta kwenye tangi. Msifu kwa sababu pikipiki imerudi nzima, na yeye mwenyewe amerudi mzima.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini breki hupungua nguvu kwenye mteremko mrefu?

2. Taja mteremko mmoja mkali ulio karibu na kijiji chenu. Unafaa kuteremkwa kwa gia gani? Toa sababu.

3. Abiria afanye nini dereva akikataa kuweka gia?