Mtamba wa maziwa auzwe na kumbukumbu zake

Ng'ombe wengi wa Katavi ni wa asili: wanastahimili kiangazi, lakini maziwa yao ni machache. Mfugaji wa Mpanda anayetaka mtamba wa Friesian au chotara humfuata mbali, na mara nyingi hulipa kwa kutazama rangi tu. Mabaka meusi na meupe si ushahidi wa ukoo. Anayeuza mtamba kwa jina la mbegu bora akabidhi maandishi yanayotaja dume, mama, maziwa aliyokamuliwa mama huyo, na chanjo ya ndigana kali. Ugonjwa huo wa kupe, pamoja na nagana ya mbung'o, huwamaliza ng'ombe wa kigeni upesi kuliko wa hapa.

Uhimilishaji ni njia nafuu zaidi. Lakini mbegu zinazotoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River, hukaa katika naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na joto la ng'ombe halidumu hata siku nzima. Mhimilishaji akichelewa, mfugaji husubiri wiki tatu nyingine. Halmashauri zitenge kwanza fedha za naitrojeni na pikipiki za wahimilishaji, ndipo zifikirie kugawa mitamba.