MKULIMA NA MVUA: Mto Mkavu Si Barabara

Katika Ukambani, hasa nchi ya Kitui na Makueni, mito iliyo mingi ni mito ya mchanga. Kwa miezi mingi ya mwaka mtu aweza kuvuka Tiva, Thua, Enziu au Kaiti bila kulowesha kiatu. Wanawake huchimba visima mchangani, ng'ombe hunyweshwa humo, watoto hupita humo waendapo shuleni, na magari hukata njia katikati ya mto kana kwamba ni uwanja. Mazoea hayo huwafanya watu wasahau kwamba njia ile ni ya maji, nayo maji yakirudi hayabishi hodi.

Jambo hili lilionekana kwa huzuni kuu siku ya Jumamosi, tarehe 4 Desemba 2021. Basi lililowachukua wanakwaya na jamaa zao kwenda arusini lilifika kwenye mto Enziu, upande wa Mwingi katika Kaunti ya Kitui. Maji yalikuwa yamekwisha kufunika kivuko. Basi lilijaribu kupita, likasukumwa ubavuni, likapinduka na kuzama mbele ya macho ya watu waliosimama ukingoni. Baadhi ya abiria waliokolewa, na watoto miongoni mwao, lakini watu zaidi ya 30 walikufa, na wapiga mbizi walishinda siku kadhaa wakitafuta maiti. Watu waliotoka nyumbani kwenda kuimba kwenye furaha wakarudishwa kuliliwa.

La kuzingatia zaidi ni kwamba mwaka ule haukuwa mwaka wa mvua nyingi. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ametangaza ukame kuwa janga la taifa, kwa kuwa mifugo ilikuwa ikifa na mashamba yamekauka katika sehemu nyingi za Kenya. Hata miezi mitatu haikutimia, na watu wa nchi ile ile yenye kiu wakafa maji. Kwa hiyo wakosea wale wasemao kwamba mafuriko ni jambo la miaka ya mvua kubwa tu. Mvua moja ya jioni moja, ikinyesha mahali pamoja, yatosha kuujaza mto.

Yafaa ieleweke jinsi mambo haya yanavyotokea. Mvua ya Ukambani hainyeshi sawasawa mahali pote. Milima ya Mbooni na Kilungu hupata zaidi ya milimita 800 kwa mwaka, hali tambarare za chini hupata chini ya milimita 600, nazo mara nyingi huja kwa vishindo vichache vikali. Ardhi iliyochomwa na jua kwa miezi kadhaa huwa ngumu juu kama sakafu, wala haiyanywi maji upesi. Maji hutiririka kwenye vijito, vijito huingia mtoni, na mto huyapeleka mbali. Ndiyo maana mtu wa bondeni aweza kuwa chini ya mbingu nyeupe yenye nyota, asione hata tone moja, huku mto ukimjia kutoka milimani ambako mvua ilinyesha tangu saa kumi za jioni.

Hesabu ndogo itasaidia. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya eka moja huleta lita 200,000 za maji au zaidi kidogo, ambazo ni mapipa 1,000 ya lita 200. Ikinyesha juu ya kilomita 20 za mraba, maji yake ni lita milioni 1,000. Hata kama nusu yake itazama ardhini, nusu iliyobaki yapaswa kupita katika mto mmoja kwa saa chache. Tena nguvu za maji huongezeka kuliko mwendo wake: maji yakienda kasi mara mbili, husukuma kwa nguvu mara nne. Maji ya mbio yenye kina cha inchi 6 yaweza kumwangusha mtu mzima; ya futi moja yaweza kuliinua gari dogo; ya futi 2 yaweza kuyachukua magari yaliyo mengi. Na dereva hawezi kujua kina, maana maji ni mekundu kwa udongo, na huenda kivuko chenyewe kimekwisha kubomolewa chini yake.

Kila nchi ina tufani yake. Huko Marekani watu huogopa tonado, yaani upepo mkali uzungukao kama pia, ushukao kutoka mawinguni hadi ardhini. Tarehe 3 na 4 Aprili 1974, katika muda wa kama saa 24, tonado 148 zilipiga majimbo 13 ya nchi ile pamoja na sehemu ya Kanada, zikaua watu zaidi ya 300. Tufani ilipokwisha, mtaalamu Tetsuya Fujita wa Chuo Kikuu cha Chicago, mzaliwa wa Japani, alizifuata njia za tonado hizo kwa kuruka juu yake katika ndege, akitazama jinsi miti ilivyolala na nyumba zilivyovunjika, kisha akazichora katika ramani. Kazi yake iliwafundisha watu mengi juu ya pepo hizo.

Tonado ni nadra mno katika Kenya, lakini njia ile ya kufuata nyayo za tufani yaweza kutumika Ukambani pasipo ndege. Mafuriko nayo huacha nyayo. Nyasi na vijiti hukwama katika matawi ya miti, matope hukauka juu ya mawe, na ukingo uliomomonyoka huonyesha maji yalikopigia. Kijiji chaweza kupaka rangi alama hiyo juu ya nguzo au mwamba, na kuandika mwaka wake. Mtoto atakayezaliwa baada ya hapo hataambiwa tu kwamba mto ulijaa. Ataona kwa macho yake kwamba maji yalipita juu ya kichwa cha baba yake.

Wazee wa Ukambani wanazo kumbukumbu zao. Njaa ya mwaka 1961 waliipa jina la yua ya ndeke, maana yake njaa ya ndege, kwa kuwa chakula kililetwa kwa ndege. Kwanza ukame ulikausha nafaka na kuua mifugo. Kisha tangu Oktoba ya mwaka huo mvua ikanyesha kupita kiasi, barabara zikakatika. Mvua za El Niño zilizoanza Oktoba 1997 zikaendelea hadi mapema mwaka 1998, zikaiharibu vibaya barabara ya Mombasa. Tena katika masika ya mwaka 2024 mafuriko yaliua karibu watu 300 katika Kenya nzima, na mwishoni mwa Aprili lori lenye watu lilichukuliwa na mto Kwa Muswii katika Makueni. Kati ya mwaka 2021 na 2024 ni muda mfupi sana kwa somo lile lile kurudiwa.

Kazi ya kuchungulia mvua ina wenyewe. Idara ya Hali ya Hewa, yenye makao yake Dagoretti, Nairobi, hutoa habari za majira yote na za siku chache zijazo, nayo ina maofisa wake katika kaunti. Kituo cha Makindu, kando ya reli, kimekuwa kikipima mvua kwa zaidi ya miaka 100. Redio za Kikamba, kama vile Musyi FM na Mbaitu FM, husikika hata vijijini. Lakini idara yaweza kusema tu kwamba mvua kubwa yatazamiwa katika sehemu fulani; haiwezi kusimama kwenye kila kivuko. Hapo hapana budi wananchi wenyewe wamalizie kazi.

Kwanza, vijiji vya juu na vya chini ya mto mmoja vipatane. Mvua ikipiga milimani, mtu aliyechaguliwa huko na apige simu kwa mwalimu, chifu au mwenye duka wa bondeni. Habari hiyo yaweza kufika kabla ya maji, nayo haigharimu ila shilingi chache.

Pili, kila kivuko kiwe na nguzo iliyopakwa rangi, yenye alama za futi. Ikiwa maji yamefunika kivuko hata msafiri asiione sakafu yake, asivuke, kwa mguu wala kwa gari. Abiria nao wana haki ya kumwambia dereva asimame, na wakishuka wote hakuna atakayewalazimisha kupanda.

Tatu, watu wajifunze dalili. Mngurumo kutoka juu ya mto, povu na majani makavu yanayotangulia, au maji kidogo yanayogeuka rangi ghafula, yote ni onyo la kutoka mchangani mara moja. Mchota maji na auache mtungi, na mchungaji asirudi kwa sababu ya mbuzi mmoja.

Nne, mafuriko yakipita, hatari haijapita. Visima vya mchangani huwa vimechafuka, kwa hiyo maji yachemshwe kabla ya kunywewa. Mbu huzaliana katika madimbwi. Mifugo ikitupa mimba kwa wingi, afisa wa mifugo aitwe, wala nyama ya mnyama aliyekufa isiliwe. Maana baada ya mvua za mwaka 1997 homa ya Bonde la Ufa iliwaua watu na wanyama wengi katika mashariki ya Kenya.

Hata hivyo maji hayo yenye kuua ndiyo pia maisha ya nchi. Ukuta wa saruji ukijengwa juu ya mwamba katikati ya mto, mafuriko huleta mchanga yakaujaza nyuma ya ukuta, na ndani ya mchanga huo hukaa maji ambayo ni robo ya ujazo wake au zaidi, yamefichwa na jua. Vikundi vya mwethya vya Kitui na Makueni vimejenga kuta nyingi za namna hiyo. Shirika la SASOL, lililoanza Kitui katika miaka ya 1990, limesaidia kujenga mamia. Matuta ya mashambani nayo huyazuia maji yasikimbie kabla hayajafika mtoni. Kwa sababu hiyo mchanga ni mali, na Makueni ilitunga sheria ya kuulinda mwaka 2015. Mto ulioporwa mchanga wake hupitisha maji upesi, ukabaki na mashimo na kingo zinazoanguka.

Basi mkulima wa Ukambani ana sababu ya kuupenda mto na sababu ya kuuogopa. Watu husema ajali haina kinga, lakini mto uliojaa unayo kinga moja iliyo rahisi, nayo ni subira. Maji yaliyojaa jioni mara nyingi huwa yamepungua kabla ya jua la pili kupanda. Arusi yaweza kungoja hadi kesho, soko laweza kungoja hadi juma lijalo, na mwalimu hatampiga mtoto aliyezuiwa na mto. Wale waliozikwa baada ya Enziu hawawezi tena kupewa usiku huo mmoja wa kungoja. Wanaobaki wanaweza.