Kiunganishi Kilichoua Meli

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Luena, na mdogo wangu wa miaka kumi na minne akaniletea kazi ya kutafsiri. Anacheza mchezo wa kompyuta uitwao Stormworks: Build and Rescue, ambamo mchezaji huunda meli, ndege na magari kipande kwa kipande, kisha huenda navyo kuokoa watu baharini. Meli yake ilikuwa na injini na propela, na ilikwenda vizuri, lakini haikuwa na umeme wa kutosha kwa taa, redio na pampu. Alikuwa na maelekezo ya Kiingereza ya kufunga jenereta inayozungushwa na injini ya meli. Kiingereza hakijui. Mimi ninasoma tafsiri, kwa hiyo niliimaliza kazi kwa jioni moja, kwa Kiswahili ambacho mwalimu yeyote wa kitivo hiki angekipa alama nzuri.

Meli ilizimika kabla ya kutoka bandarini.

Kosa lilikuwa neno moja. Katika maelekezo yale, mzunguko wa injini hugawanyika njia mbili: moja huenda kwenye propela, ya pili kwenye jenereta ambayo hujaza betri. Katika kila njia huwekwa kile kifaa ambacho mafundi wa Nairobi na Dar es Salaam hukiita klachi, na mafundi wetu hukiita ambreyaje. Nilitaka neno lisilonuka ugeni, nikaandika “kiunganishi”. Mdogo wangu akatii maandishi: panatakiwa kitu cha kuunganisha, naye akaunganisha kwa bomba la kawaida la kupitishia mzunguko. Kumbe nusu ya kazi ya klachi ni kuachanisha. Injini huwashwa ikiwa huru, ikapata kasi, ndipo ikapewa mzigo kidogo kidogo; katika mchezo huu klachi hupokea namba kuanzia 0, ikiwa imeachia, hadi 1, ikiwa imeshika kabisa. Injini ya mdogo wangu ilibebeshwa propela na jenereta tangu sekunde ya kwanza, ikafa. Akawasha tena, ikafa tena. Kila jaribio la starta hula betri, na betri ikiisha hakuna wa kuijaza, maana wa kuijaza ni jenereta, na jenereta inaingoja injini.

“Yaya, masua ilikufa,” akaniambia, bila lawama, kama mtu anayetoa taarifa tu.

Nimesoma tafsiri miaka mitatu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuona tafsiri yangu ikiua kitu. Darasani kazi zetu hurudi na wino mwekundu: upatanisho wa ngeli, mpangilio wa sentensi, neno ambalo halimo katika kamusi. Hakuna anayempa mtu asiyejua lugha chanzi tafsiri yetu na kumwambia, haya, fanya. “Kiunganishi” kingepita. Ni neno safi, limeundwa kwa kufuata kanuni za mofolojia tulizofundishwa. Kasoro yake ni kwamba halisemi klachi ni nini.

Nisieleweke kwamba ninatetea kila neno la gereji dhidi ya kila neno la kamusi. Katika tafsiri ileile niliandika “mtambo wa kufua umeme”, kama wanavyosema Tanzania. Mdogo wangu alicheka sana. Kwetu nguo tunazifula, na umeme kwake ni ule wa radi; wa kuwashia taa ni kuran, kutoka Kifaransa. Alidhani nimemwandikia mashine ya kufulia radi! Nikamweleza kwamba kufua ni pia kazi ya mhunzi, anayepiga chuma hadi kitoke jembe au kisu, na kwamba jenereta nayo hupokea nguvu ya mzunguko na kutoa kitu kingine. Alinyamaza kidogo, kisha akalipenda. Sasa analitumia kuliko mimi. Neno hilo lina picha ndani yake. Linahitaji tu mtu wa kuifungua. “Kiunganishi” nacho kina picha, lakini picha yenyewe ni ya uongo.

Najua jibu litakalotolewa, kwa sababu nimekwisha kulisikia: ambreyaje ni Kifaransa kilichovunjika, na msomaji wa Dodoma hatalielewa. Ni kweli hatalielewa. Lakini klachi ni nini kama si Kiingereza kilichovunjika vilevile? Kamati iliyosanifisha Kiswahili iliundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kongo haikuwamo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilitungwa Dar es Salaam. Sisemi hayo kwa uchungu. Nchi yetu ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tutahitaji kuelewana na wenzetu. Nasema tu kwamba mkopo wa Kiingereza ulioingia mapema huitwa Kiswahili, na mkopo wa Kifaransa uliochelewa mlangoni huitwa makosa.

Tena maneno ya mitambo hayana desturi ya kungoja kamati. Kenya umeme huitwa stima, neno lililotoka kwenye jina la Kiingereza la meli ya mvuke. Huku kwetu, boti za mbao zenye injini zinazobeba watu na samaki kwenye mito ya Kongo huitwa balenyeri, yaani kwa asili mashua ya kuwindia nyangumi. Nyangumi katika Lualaba! Hakuna abiria wa Bukama aliyewahi kuipoteza boti yake kwa sababu hiyo.

Ninachoomba kitivo ni kidogo. Katika mtihani wa tafsiri, kazi moja kila mwaka iwe ya maelekezo: kufunga pampu, kupika dawa ya mimea, kuunda meli ya mchezo, chochote chenye mwisho unaoonekana. Tafsiri isomwe na mtu asiyejua lugha chanzi, afanye kwa mikono yake, na sehemu ya alama itoke hapo. Wino mwekundu ubaki kwa sehemu nyingine.

Tafsiri yangu ya pili ina “klachi (ambreyaje)”, na sentensi nzima ya kueleza kwamba hushika na kuachia. Ni ndefu, na haipendezi. Mdogo wangu aliifuata, kisha akaiacha akafanya lake: injini kubwa kwa propela peke yake, injini ndogo ya pembeni kwa jenereta peke yake, ili betri ijae hata meli ikiwa imesimama. Baadaye nilimwambia kwamba meli za kweli nyingi hufungwa hivyo. Hakushangaa.

Limebaki neno moja. Injini inapozunguka polepole bila mzigo, imewaka lakini haifanyi kazi, mafundi wetu husema iko ralanti. Nimeandika “mwendo wa kusubiri”, na mdogo wangu ameuliza: inasubiri nini? Aliye na neno bora aniletee. Litajaribiwa Luena kwanza.