Chunusi ya usoni na mzaha wetu

Tulipokuwa watoto hapa Mvita wazee walitukataza kuoga baharini wakati wa jua la utosi. Walituambia yuko chunusi, jini wa majini, ambaye humshika mtu miguu akamvuta chini asirudi tena. Watoto wa leo hawamwogopi. Walichonacho ni chunusi nyingine, yenye jina lilo hilo, inayotoka usoni. Na hiyo sisi watu wazima tumeifanya jambo la kuchekea barazani, hali nimeiona ikiwazamisha vijana nchi kavu.

Binti wa jirani yangu, mwenye umri wa miaka 16, alianza ghafla kuvaa ninja. Mamake alifurahi, nasi majirani tukampa hongera kwa malezi mema. Baada ya miezi michache ikabainika kwamba hata ndani ya nyumba, mbele ya shangazi zake, mtoto hataki kufunua uso. Alipofunuliwa, kumbe mashavu yameiva vijipu, na palipokauka pamebaki madoa meusi kama aliyemwagikiwa na wino. Mamake alinihadithia maneno ya mwanawe: "Mama, mimi nataka kuivaa kwa ajili ya Mola, si kwa ajili ya uso huu."

Je, sisi tulikuwa tukimwambia nini mtoto huyu siku zote hizo? Wengine walisema ni ujana, utapita. Wengine walicheka wakasema anataka kuolewa. Na wako waliomwambia hajui kuosha uso. Hebu tulipime neno hilo la mwisho, msomaji mpendwa. Mtu anayetawadha mara tano kwa siku, na kila mara akaosha uso mara tatu, ndiye tunayemwambia kuwa chunusi zake zimetokana na uchafu?

Madaktari wanatueleza kwamba chini ya ngozi mna vifuko vidogo vidogo vinavyotoa mafuta ya kuilainisha. Mtoto anapobaleghe, homoni huvichochea vifuko hivyo vikatoa mafuta kupita kiasi. Ngozi iliyokufa huchanganyika na mafuta hayo ikaziba tundu la unywele, na ndani yake vijidudu ambavyo kwa kawaida huishi juu ya ngozi ya kila mtu huongezeka, kisha hufuata uvimbe na usaha. Ile ncha nyeusi tunayoikamua mbele ya kioo si taka. Ni rangi ya ngozi yenyewe iliyopigwa na hewa. Takriban vijana 8 katika kila 10 hupatwa na chunusi kwa kiasi fulani. Wengi zao huwa chache na huondoka. Wengine huachiwa vishimo ambavyo havitafukika maisha yao yote.

Wala si maradhi ya vijana peke yao. Wako wanawake wa miaka 30 na hata 40 ambao zinawatoka kidevuni na tayani kila zinapokaribia siku zao za hedhi. Ikiwa mwanamke huyo hedhi yake pia haina mpango, na ameanza kuota ndevu, daktari atataka kumpima homoni, maana huenda tatizo liko kwenye vifuko vya mayai na uso unapeleka habari tu. Na wako wanaume wanaodhani wana chunusi, kumbe ni ndevu zilizonyolewa hadi mzizi zikajikunja na kuingia tena ngozini. Dawa kubwa ya hao ni kuuweka wembe chini na kufuga ndevu. Hapo sunna na daktari wamekutana njiani.

Hatari inaanza pale kijana anapochoka na mzaha wetu akaenda dukani. Huko huuziwa kitube cha krimu, au mkorogo uliochanganywa na mwenye duka mwenyewe ndani ya kikopo kisicho na jina. Siku ya tano uvimbe umeshuka, uso unang'aa, na muuzaji anasifiwa mtaa mzima. Nyingi za krimu hizi zina steroidi kali kama klobetasoli, dawa ambayo daktari huitoa kwa maradhi mengine ya ngozi na kwa muda mfupi. Ikipakwa usoni kwa miezi, ngozi huwa nyembamba kama ganda la kitunguu, vijishipa vya damu huonekana, na chunusi mpya huzuka nyingi kuliko zile za mwanzo. Akiiacha, uso unamwaka moto. Kwa hiyo anairudia, na muuzaji amepata mteja wa kudumu.

Nyingine zimetiwa haidrokwinoni au zebaki ili kuchubua rangi. Kenya ilizipiga marufuku krimu na sabuni za namna hiyo tangu mwaka 1998. Mwezi wa Novemba 2023, mjini Geneva, nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki vikomeshwe kufikia mwaka 2025. Zebaki huharibu mafigo. Na bado vikopo vinauzwa, kwa kuwa wanunuzi tupo.

Tusiwalaumu vijana kwa haraka, lakini. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna mtihani wetu: chunusi ikishapona huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi mingi, pengine miaka. Wengi huumizwa na doa kuliko na chunusi yenyewe, na ndiyo maana hukimbilia mchubuo. Daktari wa ngozi anayejua kazi yake huanza na chunusi mapema, madoa yasipate nafasi ya kuzaliwa.

Nalitaja jambo la harusi kwa kuwa linatuhusu sana. Bwana harusi ameshapatikana, tarehe imewekwa, na biharusi ana uso wenye vipele. Hapo ndipo nyumba nzima inapogeuka hospitali. Sina neno na singo, wala na liwa iliyosagwa kwa maji ya mawaridi. Hayo ni mapambo yetu na yana heshima yake. Lakini kuusugua uso wenye vijipu ni kuuchochea uvimbe, na kupaka ndimu kisha kwenda juani ni kujiunguza. Hata mafuta ya nazi, tunayoyapenda kwa nywele, yakiteremka kipajini huziba matundu.

Kwa daktari huwa namna gani? Kwanza atauliza maswali mengi, na ataomba aletewe kila kitu kinachopakwa. Chunusi nyepesi huzitibu kwa dawa za kupaka, kama benzoili peroksaidi, na adapalini ambayo ni ya ukoo wa vitamini A. Zikiwa kali zaidi ataongeza vidonge vya antibiotiki, mara nyingi dokisisaiklini, kwa miezi mitatu au minne, si milele. Na lazima amwambie mgonjwa ukweli ambao muuzaji wa mkorogo hausemi: kwamba mabadiliko huanza kuonekana baada ya wiki 8 hadi 12, na kwamba mwanzoni ngozi inaweza kukauka na kuwasha. Wengi huacha dawa katika wiki ya tatu, wakasema daktari hajui kitu.

Kwa zile chunusi za mavimbe makubwa yanayoacha makovu iko isotretinoini, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982. Imewaokoa wengi. Lakini hapa nawaomba mama wa mabiharusi wanisikilize. Dawa hii huharibu mimba vibaya sana. Mwanamke haruhusiwi kushika mimba akiwa anaitumia, wala mpaka upite mwezi mmoja baada ya kuiacha, na matibabu yenyewe huchukua miezi mitano au sita. Binti anayeolewa mfunguo tatu, ambaye kila mtu anamwombea mtoto wa mwaka wa kwanza, akipewa vidonge hivi na rafiki yake au akavinunua bila kuulizwa lolote, ni msiba unaosubiri. Daktari atapima mimba na damu kabla ya kumwandikia, na atataka kujua habari ya ndoa. Asionekane mdaku.

Yapo pia maswali ya dini ambayo Mwislamu ana haki ya kuyauliza papo hapo. Vidonge vingi vya namna ya kapsuli vina jelatini. Mfamasia aulizwe imetoka kwa mnyama gani na kama iko badala yake. Katika Ramadhani dawa za kupaka juu ya ngozi hazimfunguzi mtu, na dokisisaiklini inayomezwa mara moja kwa siku inaweza kuwekwa baada ya futari, kwa maji mengi na bila kulala papo hapo, maana huunguza koo.

Nimewahi kusikia hoja kwamba kumpeleka mtoto hospitali kwa ajili ya uso ni kibri, au ni kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Mabedui walipomuuliza Mtume (S.A.W.) kama watafute dawa aliwakubalia, akawaeleza kuwa hakuna maradhi yasiyowekewa dawa isipokuwa uzee. Hakuyatoa ya usoni. Na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyatengea maradhi ya ngozi na nywele nafasi yake katika kitabu cha nne cha al-Qanun. Kuondoa maradhi ni kuyarudisha maumbile mahali pake. Anayeyabadilisha ni yule wa mkorogo.

Kizuizi cha kweli ni kwamba madaktari wa ngozi ni wachache, na wengi wao wako Nairobi. Mtu wa Lamu au wa Kipini atapanda mashua na mabasi kwa ajili ya chunusi? Hatapanda, na simlaumu. Lakini jirani zetu wa Tanzania wanatuonyesha njia. Mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo tangu mwaka 1992 chuo cha mafunzo ya maradhi ya ngozi, ambacho huwafundisha maafisa wa kliniki kutoka nchi mbalimbali za Afrika, wakarudi makwao kutibu. Serikali zetu za kaunti, ambazo hospitali ziko mikononi mwake tangu mwaka 2013, zinaweza kuwapeleka vijana wawili watatu kila mwaka. Chunusi nyingi hazihitaji bingwa. Zinahitaji mtu aliyefunzwa, dawa za bei nafuu, na anayejua ni mgonjwa yupi wa kumpeleka mbele.

Binti wa jirani sasa yuko katika mwezi wa nne wa dawa. Mwezi wa kwanza alilia, kwa sababu uso ulibambuka. Wiki iliyopita kulikuwa na kupaka hina kwa binamu yake, na mamake ananiambia alikaa mbele kabisa miongoni mwa wanawake wenziwe, uso wazi, akipiga makofi. Madoa bado yapo. Walipotoka akajifunga ninja yake, wakaja nyumbani.