Mgonjwa wa Urambo Anaandika Nini Kwenye Simu?

Jina rasmi ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tabora, lakini ukimwambia bodaboda akupeleke huko, atakuuliza: "Kitete?" Mama anayetoka wilaya ya Urambo na mgonjwa anakwenda Kitete, barua ya rufaa iseme isemavyo. Na hilo ndilo neno atakaloliandika Google akitaka kujua kliniki ya macho ni siku gani.

Tabora yenyewe haikuanza leo kuwa na majina mengi. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika na msafara wao kutoka pwani, Novemba 1857, waliandika Kazeh. Wengine katika njia ile ya Bagamoyo hadi Ujiji walisema wako Unyanyembe. Reli ilipoingia mwaka 1912, Tabora ndilo jina lililokuwa limetawala. Mahali ni pale pale. Anayetafuta ndiye anayeamua atatumia jina gani.

Hapo ndipo tovuti nyingi za zahanati na hospitali binafsi zinapokosea. Zinaandikwa kana kwamba msomaji naye ni daktari, mara nyingi kwa Kiingereza kitupu, au kwa Kiswahili cha ofisini: "huduma za kibingwa za mfumo wa mkojo". Mgonjwa haandiki hivyo. Anaandika "dalili za tezi dume", "UTI kwa mjamzito", "bawasiri inatibiwa wapi", "upasuaji wa mtoto wa jicho bei gani". Kama maneno hayo hayamo popote katika kurasa za kliniki, mashine ya kutafutia haina sababu ya kumpeleka huko, hata kama daktari bingwa yupo na chumba cha upasuaji kiko tayari.

Lipo neno moja ambalo kulikosa ni hatari: degedege. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 kuhusu wilaya ya Bagamoyo ulieleza jinsi familia zilivyoutambua ugonjwa huo wa watoto, wenye homa na mitukutiko, na jinsi waganga wa jadi walivyokuwa na nafasi kubwa katika kuutibu. Kitaalamu, dalili hizo zinaweza kuwa za malaria kali, inayoua haraka. Sasa hospitali ikiandika "malaria kali" peke yake, mzazi anayetafuta "dawa ya degedege" usiku atafikishwa kwa nani? Kwa yeyote aliyelitumia neno hilo, awe na ujuzi au asiwe nao. Neno la mzazi liwekwe kwenye kichwa cha habari, na sentensi ya kwanza imwambie ampeleke mtoto hospitali mara moja.

Wapo wataalamu wanaosita kutumia lugha hiyo wakihofia kufanana na wauza dawa wa mitandaoni. Hofu hiyo inaeleweka, lakini inawaachia uwanja wauzaji wale wale. Maneno "dawa ya kumaliza kisukari" yanatafutwa; kliniki iyatumie, kisha iseme kweli: kisukari kwa kawaida hudhibitiwa kwa dawa, chakula na mazoezi, na anayeambiwa aache insulini anahatarishiwa maisha. Kinachokatazwa na uungwana ni kuliweka neno kama chambo na kuahidi kisichowezekana.

Kuyapata maneno hayo hakuhitaji fedha nyingi. Karani wa mapokezi anayasikia kila asubuhi. Ayaandike daftarini bila kuyasahihisha na bila majina ya wagonjwa. Search Console, huduma ya bure ya Google, inaonyesha watu waliandika nini hadi tovuti ikatokea. Lakini fundi anayetoza fedha kwa kuficha orodha ya maneno ndani ya msimbo wa ukurasa anauza hewa: Google ilitangaza Septemba 2009 kwamba haitumii orodha hiyo kupanga matokeo.

Majina ya mahali nayo yasisahauliwe. Mkazi wa Nzega, Sikonge au Kaliua anataka kujua utrasaundi ya karibu iko wapi, bima ya afya inapokelewa au la, na bingwa anakuja lini. Majibu hayo mara nyingi yamefungiwa ndani ya picha ya tangazo, inayokula bando na ambayo mashine ya kutafutia huisoma kwa shida. Yaandikwe kwa maneno ya kawaida kwenye ukurasa wenyewe, pamoja na namba ya simu inayopokelewa.