Siti Hakununua Jina

Mwandishi mmoja wa safu amedai kwamba maskini hana utambulisho: nyumba, gari na saa ya mkononi ndivyo vinavyomtambulisha mtu. Hoja tamu, ila haijapita Unguja.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba katika familia ya wafinyanzi, akawa anatembeza vyungu na kuvinadi kwa sauti ile ile iliyokuja kumpa jina. Hakuwa na shamba wala ukoo wa kujivunia. Mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi taarabu kwa Kiswahili, na santuri zake zikauzwa pwani nzima. Mahasimu walimkejeli kwa nyimbo. Akawajibu kwa nyimbo. Mshairi Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Matajiri wangapi wa zama zile walipata heshima hiyo?

Haki itendeke: mali si upuuzi. Utumwa ulipofutwa Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliozoea kaniki, nguo nyeusi iliyohusishwa na utumwa, walijifunga kanga za rangi, na kila aliyewaona akaelewa. Lakini doti ile ilitangaza uhuru uliokwisha kupatikana. Uhuru wenyewe haukuuzwa na mwenye duka yeyote wa kanga.